Jinsi ya kupanga upya ulipiaji wa kifurushi cha daktari mtandaoni

Wanaoendesha huduma hizi huniuliza maswali yale yale. "Mteja kalipa lakini programu inasema muda wake umeisha." "Tunatuma ombi la malipo, wengi hawaweki PIN, kwa nini?" "Nimfungie siku ile ile au nimpe siku mbili tatu?" Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu WhatsApp, na safari moja niliyajibu nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Leo nayaandika yote mahali pamoja ili nipumue.

Mfano nitakaoufuata ni huduma ya kuongea na daktari kwa simu au kwa chati hapa Kenya, ambapo mteja analipia siku 30 kwa M-Pesa. Ukiwa Tanzania kazi ni hiyo hiyo, ila itabidi uunganishe mitandao kadhaa, maana wateja wako wametawanyika kwenye M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa.

Kabla hujagusa chochote, shika jambo moja. Maelekezo mengi utakayoyakuta mtandaoni yameandikwa kwa watu wa kadi: kadi imehifadhiwa, siku ikifika pesa inakatwa, mwenyewe wala hana habari. Kwetu mteja anaweka PIN kwa kidole chake kila mara, kwa hiyo kila mwezi unamwendea upya kumwomba. Asipolipa, usikimbilie kusema ameichoka huduma. Pengine alikuwa amesimama ndani ya matatu, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine umeshika mtoto.

Tangu 2024 Safaricom ina M-Pesa Ratiba, ambayo mteja anapangia malipo ya kujirudia. Iweke kama chaguo kwa anayeitaka. Usiijengee nyumba nzima juu yake, kwa sababu siku ikifika na salio halipo, mnarudi pale pale.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Paybill au Till iliyoruhusiwa kutuma ombi la PIN (lile ambalo mafundi wote wanaliita STK), pamoja na funguo za Daraja (mfumo wa Safaricom unaounganisha programu yako na M-Pesa), za majaribio na za kazi.
- Orodha ya miamala ya miezi 3 iliyopita, ikiwemo iliyofeli, kila mmoja na msimbo wake wa jibu. Kama hamhifadhi misimbo ya waliofeli, anza kuihifadhi leo, urudi kwenye mwongozo huu baada ya mwezi.
- Nambari fupi ya meseji inayopokea majibu. Meseji inayotoka kwa jina la kampuni haijibiki. Mteja akiandika "1" haiendi popote.
- Daktari au muuguzi mmoja anayehudumia wateja wenu, akae nanyi saa mbili. Wengi huruka hapa, na hapa ndipo kazi inapoharibika.
- Mtu anayepokea simu za malalamiko. Huyu anajua mengi kuliko dashibodi yenu.
- Kabambe. Simu ya vitufe, ya kweli, yenye laini ya kweli.

Hatua 1. Lipa mwenyewe kwa kabambe

Weka laini yenye Sh20 tu kwenye kabambe. Acha kifurushi chako cha majaribio kiishe, kisha jaribu kukilipia. Hutaweza, salio halitoshi, na ndivyo tunavyotaka. Andika kwenye karatasi kila kilichotokea: meseji gani ilikuja, ilisema nini, uliambiwa ufanye nini baadaye. Sasa ongeza pesa na ujaribu tena. Hesabu ni mara ngapi ulilazimika kubonyeza, na ni wapi ulisubiri bila kujua kinachoendelea.

Mwite na mkurugenzi ajaribu. Hatua hii peke yake huokoa mikutano mitatu.

Hatua 2. Wapange waliofeli kwa sababu zao

Chukua ile orodha ya miezi 3 uigawe kwa misimbo. Hii ndiyo utakayokutana nayo sana kwenye Daraja:

- 1: salio halitoshi.
- 1032: mteja ameghairi ombi.
- 1037: simu haikufikika, au ombi lilikaa kwenye skrini bila kujibiwa mpaka likapita.
- 2001: PIN si sahihi.
- 1001: laini hiyo ina muamala mwingine unaoendelea.

Kila mmoja una dawa yake. Wa salio umwachie siku kadhaa, tena bila kelele. Wa 1037 ajaribiwe saa nyingine. Wa 1001 asubiri dakika chache tu. Wa PIN umkumbushe kwa upole, wala usimrushie ombi mara tatu mfululizo, maana akikosea zaidi atajifungia M-Pesa yake na lawama zitakuwa zako. Wa 1032 ndiye wa kufikiria: ameona bei, ameona jina, akakataa. Wapigie watano kati yao. Usiwatumie fomu, piga simu.

Kosa la kawaida: kuwajibu wote kwa "Malipo yameshindikana. Jaribu tena." Mwenye Sh20 atajaribu tena na nini?

Hatua 3. Amueni kinachotokea siku ya 31

Hapa ndipo daktari anapohitajika, na hapa usiwe na haraka. Kifurushi cha filamu kikiisha, mtu anakosa filamu. Kifurushi cha daktari kikiisha, kuna mtu jana ameambiwa apime presha asubuhi na jioni kwa siku tatu kisha atume majibu. Anatuma majibu leo, anakutana na ukuta mwekundu unaodai Sh500.

Andikeni orodha mbili. Ya kwanza ni ya vitu visivyofungwa kamwe, awe amelipa au hajalipa: historia yake, maagizo ya dawa aliyokwisha andikiwa, majibu ya maabara, na mazungumzo yoyote ambayo daktari amemwambia mgonjwa arudi. Orodha ya pili ni ya vinavyofungwa, na iwe fupi: kuanzisha mazungumzo mapya, basi. Mwulize daktari maswali ya kweli. Mjamzito je? Anayekunywa dawa za kila siku je? Aliyeandika "kifua kinabana" saa tano usiku na muda wake umeisha saa nne je? (Huyu wa mwisho apewe mara moja maelekezo ya kwenda hospitali. Suala la malipo lisionekane hata kwenye skrini.)

Kisha mpe kila mtu siku za nyongeza. Mimi hupenda 5. Zinatosha kupita wikendi moja na mshahara uliochelewa kidogo, na si nyingi kiasi cha kumfanya mtu asahau. Muda huo huduma iwe kamili. Ukimpa mtu siku za nyongeza huku umemnyima daktari, hujampa kitu.

Hatua 4. Panga siku na saa

Kuna huduma niliyoifanyia kazi ambayo seva yake ilihesabu saa kwa UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Maombi ya PIN yalipangwa kutoka "mwanzo wa siku", yaani 00:00. Hesabu mwenyewe: kwetu hiyo ni saa tisa usiku. Simu zilikuwa zikiwaka gizani, nchi nzima, zikidai PIN. Waliolala wakawa 1037. Waliokuwa macho wakapiga simu asubuhi kuuliza ni tapeli gani ana nambari zao. Tuliliona baada ya wiki mbili, tena aliyeligundua ni dada wa mapokezi, si sisi mafundi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na siibadilishi: ombi la PIN lisije kamwe bila mteja kuliita. Mpelekee meseji; akijibu 1 au akibonyeza kitufe, ndipo ombi liende, papo hapo, simu ikiwa mkononi mwake. Ombi hukaa kwenye skrini kama dakika moja tu. Likimkuta hajajiandaa limepotea.

Ratiba inayofanya kazi vizuri:

- Siku 3 kabla: meseji ya kwanza, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni.
- Siku yenyewe: ya pili.
- Siku ya 4 ya nyongeza: ya mwisho. Baada ya hapo nyamaza.

Mpe pia uwezo wa kuchagua tarehe yake. Mwenye mshahara atachagua mwisho wa mwezi, mwenye kibanda cha mboga atataka kulipia wiki wiki. Kama bei yenu inaruhusu siku 7, wekeni. Kwa mtu anayepata pesa kila siku, Sh500 kwa mkupuo ni mlima.

Hatua 5. Andika meseji upya

Tazama hii, iko kama nyingi nilizoziona:

"Mpendwa mteja, usajili wako wa Mpango wa Kisukari umeisha muda. Tafadhali huisha usajili wako ili uendelee kufurahia huduma zetu 🙏"

Makosa ni matatu. La kwanza ni la pesa: herufi zenyewe hazifiki 160, ingekuwa meseji moja. Ile mikono iliyofumbatana mwishoni inabadilisha namna meseji inavyobebwa, kikomo kinashuka hadi 70, na sasa unalipia mbili kwa kila mteja. Alama za kunukuu zilizopinda, zile zinazojiweka zenyewe ukinakili kutoka Word, hufanya vivyo hivyo.

La pili, hakuna bei, hakuna siku, hakuna la kubonyeza. Na hakuna anayefurahia kisukari.

La tatu ndilo zito. Simu za watu wengi si zao peke yao: mtoto anachezea, mume anaazima, jirani anapokelea hela. Umeandika ugonjwa wa mtu kwenye skrini ambayo yeyote anaisoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Tanzania wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini hata sheria zisingekuwepo, hili ni suala la kumsitiri mtu.

Badala yake:

"Habari Mwanaisha, ni ____. Siku zako 30 zinaisha Ijumaa 14. Kulipia Sh500 jibu 1. Kuahirisha jibu 2. Kuacha jibu 3. Mazungumzo yako bado yako wazi."

Jina la huduma lisipozidi herufi 15, yote inaingia kwenye meseji moja. Hakikisha na jina lenyewe halitangazi ugonjwa.

Onyo: siri huvuja pia mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Kwenye ombi la STK kuna sehemu ya nambari ya akaunti, yenye nafasi ya herufi 12, na mteja huiona kwenye skrini anapoulizwa PIN. Nimewahi kukuta imejazwa jina la kliniki ya ndani ya programu, ile ambayo mtu hangependa mama mkwe aisome. Weka nambari ya mteja peke yake.

Hatua 6. Mtenganishe anayelipa na anayetibiwa

Mama yuko Kilifi, anayelipa ni mwanawe aliye Doha. Hili si jambo la nadra, na bado programu nyingi zinadhani nambari moja ndiyo mtu mmoja. Kwenye usajili uliza swali fupi: "Nani atakuwa analipa?" Akiwa mwingine, chukua nambari yake, na kama yuko nje mpe njia ya kadi.

Meseji za malipo ziende kwa mlipaji. Mama asipate hata moja. Ukimtumia "hujalipiwa", umemwambia mwanawe amemsahau, na pengine kijana anangoja mshahara tu. Na upande wa pili, mlipaji aone tarehe na kiasi, asione alichoongea mama na daktari. Kulipa hakumpi haki ya kusoma. Mama akitaka asome, aseme mwenyewe, na iandikwe.

Hatua 7. Pokea malipo bila kuamini skrini

Mteja akishaweka PIN, M-Pesa hukuletea jibu kwenye seva yako. Mara nyingi linafika kwa sekunde chache. Siku nyingine linachelewa, siku nyingine halifiki. Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Hifadhi CheckoutRequestID (utambulisho ambao Daraja hulipa kila ombi) mara tu ombi linapotoka.
2. Mwonyeshe mteja "Tunasubiri M-Pesa ithibitishe". Usimwonyeshe "Imeshindikana" kabla hujajua.
3. Jibu lisipofika ndani ya dakika moja na nusu hivi, uliza mwenyewe hali ya muamala kupitia Daraja.
4. Jibu likija mara mbili, lihesabiwe mara moja.
5. Ongeza siku kuanzia pale kifurushi kinapoishia. Kama kinaisha tarehe 20 na amelipa tarehe 17, siku 30 zianze kuhesabiwa baada ya 20. Ukimla siku 3 atajifunza kuchelewa.

Aliyelipa ndani ya siku za nyongeza mimi humhesabia kuanzia siku aliyolipa. Mhasibu wetu alininunia mwezi mzima kwa hilo. Lakini simu za "mbona mmenikata siku" ziliisha.

Acha pia mlango wa kulipa kwa Paybill kwa mkono, na nambari ya akaunti iwe nambari yake ya simu, kitu anachokijua kichwani. Usitegemee kumtambua kwa nambari aliyolipia, kwanza kwa sababu Safaricom siku hizi huificha kwenye taarifa za Paybill, pili kwa sababu kuna yule kijana wa Doha.

Hatua 8. Fanya kuacha kuwe rahisi

Akijibu 3, ameacha. Swali moja tu, la hiari: "Kwa nini?" Mwambie historia yake anaipataje, mshukuru, maliza.

Najua wakubwa wako watataka skrini tatu za kumbembeleza. Wakumbushe mnauza nini. Watu wengine huacha huduma ya daktari kwa sababu wamepona! Ukimng'ang'ania aliyepona atakuchukia, na akiugua tena mwakani atakwenda kwingine. Mwenye 2, yaani kuahirisha, aulizwe tu: wiki moja, wiki mbili au mwezi.

Hatua 9. Anza na wachache

Wafungulie wateja mia hivi kwanza, na usianze mwisho wa mwezi. Fuatilia idadi ya waliolipa, sawa, lakini kaa karibu na mambo mengine matatu: simu za "nimelipa bado imefungwa", waliolipa mara mbili, na mazungumzo ya daktari yaliyokatwa na malipo. Hili la mwisho liwe 0. Likiwa 1, simamisha na utafute sababu kabla ya kuongeza mteja mwingine.

Mambo yakikwama

*Ombi halifiki kabisa.* Angalia umbo la nambari kwanza. Daraja inataka 2547..., si 07... wala +254. Kisha tazama kama fomu yenu inazikataa nambari zinazoanza na 01. Kuna fomu za zamani zinazodhani kila laini ya Kenya inaanza na 07.

*Ameweka PIN, pesa imekatwa, programu haijafunguka.* Mwombe ule msimbo wa M-Pesa wenye herufi na tarakimu 10, utafute kwenye taarifa zenu. Upo? Mfungulie hapo hapo, mengine baadaye. Kama wengi wanalalamika kwa pamoja, anwani ya seva inayopokea majibu imekufa au cheti chake cha usalama kimeisha muda.

*Amelipa mara mbili.* Mara nyingi alilipa kwa STK, akaona kimya, akaenda Paybill. Mtumie meseji kabla hajapiga simu: "Tumepokea mara 2. Ya pili tuihesabu mwezi ujao au tukurudishie?" Achague yeye.

*Pesa imeingia Paybill na akaunti haijulikani.* Weka orodha ya pembeni na mtu wa kuipitia kila siku. Nyingi ni nambari ya simu yenye tarakimu moja iliyokosewa. Usifungue kwa kubahatisha, utamfungulia mtu historia isiyo yake. Tafuta mhusika kwanza.

*Meseji zinatoka lakini hakuna anayejibu.* Jaribu kujibu ukiwa na laini isiyo na salio la muda wa maongezi. Kama inagoma, nambari yenu fupi inamtoza mteja. Mwambie mtoa huduma awabadilishie, gharama ibebwe na nyinyi.

*Wengi wanajibu 2 kila mwezi.* Hapo muundo wa malipo hauna kosa. Tazameni tarehe mnazowaomba, kisha bei, kwa mpangilio huo.